Mechi ya Jumapili Saa Tisa

Ijumaa, 11 Julai 2025

Fotokopi imetafuna karatasi mara nne leo. Ya tano nikaipiga kofi, ikatulia. Kuna mashine zinaelewa lugha moja tu.

Katibu wa kwaya kaleta nyimbo za kuchapa. Nikamwambia ubeti wa tatu una kosa, hapa ni "atukuzwe" si "atukuze". Kashangaa. Dada, uko kwaya gani? Siko kwaya yoyote. Jumuiya gani? Siko jumuiya yoyote. Sasa umejuaje? Nikamwambia najua kusoma!

Mama Sandeep alikuwa mlangoni anasikiliza. Duka lake la vitambaa limepakana na steshenari yangu miaka kumi na miwili sasa, ukuta mmoja, chai moja. Katibu alipoondoka akacheka mpaka akakohoa.

"Jovi, mtaa huu wote, anayezungumza habari za Mungu kila siku ni wewe. Na asiyeamini ni wewe peke yako. Kwa nini?"

Nikamrudishia: mbona wewe Chetna unaamini na hata huzungumzi?

"Mimi naamini. Sasa nizungumze nini? Nawasha udi, nafungua duka."

Nikajidai naongeza karatasi kwenye mashine. Ilikuwa imejaa.

Jumapili, 13 Julai

Mechi imerudi! Wiki sita sikumpigia kaka yangu Wilbert. Juni yote shule zilikuwa zinaleta mitihani ya kuchapa, Jumapili nilishinda dukani na vidole vyeusi kwa wino. Alipiga mara mbili, nikamwambia kaka nitakupigia. Sikumpigia.

Leo saa tisa kamili nikakaa barazani, miguu juu ya kigoda, chupa ya chai pembeni. Tangu tulipomzika mama, miaka ishirini na moja sasa, ndivyo tunavyofanya. Yeye akishamaliza ibada kule kigangoni Kimwani, kanisa dogo la kijijini, akishakula, akishavua viatu, simu. Yeye katekista. Mimi niliyekaa na masista miezi saba nikitaka utawa, nikatoka bila utawa na bila imani, kama mtu aliyekwenda sokoni akarudi bila samaki na bila kikapu. Ndugu wengine wakipigiana simu wanaulizana habari za mipaka ya kibanja cha migomba. Sisi tunagombana juu ya uzima wa milele. Kipindi cha kwanza, kipindi cha pili, hata penati tunapiga.

Huwa najiandaa. Jumamosi nasoma masomo ya kesho yake. Nadhani hapa Bukoba nzima wanaosoma masomo ya Jumapili siku moja kabla ni mapadri na mimi.

Leo lilikuwa somo la msafiri aliyepigwa na majambazi, watu wa dini wakampita, mgeni akambeba. Nikafungua na shuti kali. Kaka, huyo aliyembeba, nani alimuuliza anaamini nini? Hakuna! Moja bila!

Kwa kawaida hapo Wilbert anafoka. Ananiambia Jovi wewe unasoma kama mtu anayekula ndizi na maganda yake. Leo kasema "Ehe."

Nikapiga la pili. Kasema "Kweli."

Nikamuuliza kama anaumwa. Hapana. Mkeo Annastella je? Yupo, anapepeta maharage. Tukaagana kabla hata chai haijapoa.

Mbili bila. Sikusikia raha yoyote.

Jumatatu, 14 Julai

Mama Sandeep kauliza matokeo. Nikamwambia nimeshinda. Kasema mbona uso wa mtu aliyefungwa.

Wateja wengi. Sina muda wa uso.

Jumapili, 20 Julai

Niandike kama ilivyokuwa, nisije nikajidanganya baadaye.

Saa tisa. Somo la leo, wale dada wawili, mmoja yuko jikoni anahangaika, mwingine amekaa miguuni kwa mgeni anasikiliza, na aliyekaa ndiye anasifiwa. Mwaka huu nilikuwa nimelisubiri! Nilikuwa tayari kumtetea wa jikoni mpaka jua lizame. Kila mwanamke wa Kagera angenipigia makofi.

Hata sijaanza, Wilbert kasema, "Jovi, umeshinda."

Nikacheka. Leo mapema hivi?

"Si leo. Zote. Nadhani miaka yote hii ulikuwa sahihi wewe."

Nikasema kaka usinitanie. Kasema hatanii. Sauti yake ilikuwa tulivu, kama mtu anayekutajia bei ya maharage. Nikamuuliza nini kimetokea. Nani amekufa? Padri amekukosea? Umegombana na mwenyekiti wa kigango?

Hakuna kilichotokea. Ndivyo alivyosema. Ilikuwa Jumanne moja mwezi wa sita, saa nne asubuhi, alikuwa anafagia kanisa kama anavyofagia kila Jumanne. Akafika katikati. Akasimama na ufagio. Akaona kama anafagia nyumba ambayo mwenyewe ameshahama. Akasubiri, akidhani ni uchovu. Akamaliza kufagia. Akafunga mlango. Kesho yake hivyo hivyo. Mpaka leo.

"Na unaongoza ibada?"

"Nani ataongoza?"

Padri anafika kigangoni mara moja kwa mwezi, na barabara ikiwa mbaya hata hiyo hakuna. Wilbert ndiye anafundisha watoto, anaongoza ibada, anazika. Miaka thelathini na moja. Hata nyumba anayolala na mkewe ni ya kigango.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. "Sasa nifundishe."

Nikufundishe nini?

"Kuishi hivyo. Wewe una uzoefu."

Na hakuwa anatania! Yule ni mwalimu, jambo halina maana kwake mpaka liwe na somo la kwanza na la pili. Akaanza kuuliza. Asubuhi mkiamka mnafanya nini? Nikasema tunapiga mswaki. Kabla ya kula mnasema nini? Tunasema chumvi iko wapi. Na mkiogopa? Akasubiri. Nadhani alikuwa na kalamu.

Nikamwambia mtandao unakatakata.

Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Jumatatu, 21 Julai

Nimemwambia Mama Sandeep. Nilikuwa nimeapa simwambii mtu, nikamwambia kabla hajamaliza kufungua kufuli.

Kasema, "Si ndicho ulichotaka? Miaka yote ulitaka kushinda."

Nikasema nilitaka kushinda mechi, sikutaka uwanja ufungwe.

Akaniangalia. Akaenda kuwasha udi wake. Leo kawasha vijiti viwili, kwa kawaida ni kimoja. Sikuuliza cha pili ni cha nani.

Jumanne, 22 Julai

Nimefanya kichekesho. Nikiwa na akili timamu, kwa mkono wangu, nyuma ya karatasi zilizoharibika, nimeandika sababu kumi na moja za kuamini kwamba Mungu yupo. Mimi! Zote ni za Wilbert mwenyewe, alizonipa miaka hiyo yote na nikazikataa. Ajabu nazikumbuka hadi tarehe. Ile ya mbegu ya kahawa. Ile ya mama alivyokufa akitabasamu. Ile ya kwamba hasira yangu kwa mambo mabaya inaonyesha najua mazuri yanapaswa kuwapo.

Saa saba mchana nikampigia. Nikaanza na mbegu ya kahawa. Kasema, "Hiyo ulinijibu mwaka ule wa tetemeko." Na akanirudishia jibu langu neno kwa neno! Nikaleta ya mama. Akanijibu kama nilivyomjibu. Nikaleta ya hasira, akaniambia Jovi, hata kuku anakasirika ukimchukulia vifaranga. Yangu hiyo! Niliitunga mimi!

Nimechapwa na fimbo zangu mwenyewe. Kumi na moja bila. Na kila akifunga hashangilii.

Nilipokata simu nikamkuta mteja ananisubiri na kitambulisho chake mkononi. Alikuwa amesikia yote. Kasema, mtumishi, na mimi niombee.

Nikamtolea kopi mbili kwa bei ya moja.

Alhamisi, 24 Julai

Jana Wilbert kazika. Mzee mmoja jirani yao, mwenye wajukuu wengi. Nikamuuliza ulisema nini kaburini.

"Yale yale. Maneno yanajijua. Watu walilia vizuri, wakapata nguvu, wakaenda kunywa pombe ya rubisi."

Basi yanafanya kazi, nikasema.

"Yanafanya. Ila mimi nilikuwa kama mtu anayegawa chakula ambacho hajaonja."

Vocha ikaishia hapo.

Ijumaa, 25 Julai

Annastella kapiga. Wifi yangu hapigi simu, ni mtu wa kutuma salamu. Nikajua.

Hakusalimia. "Umefurahi sasa?"

Nikasema wifi, tulia.

Nimetulia miaka ishirini, kasema. Kila Jumapili nikisikia unamchekea mume wangu kwenye simu nilitulia. Nikasema ni dada yake, ni michezo yao. Sasa halali, hali, juzi kaniambia mimi mkewe kwamba hajui anamwomba nani. Watu wakijua tutaondoka hapa na magodoro kichwani. Wewe una duka lako Bukoba. Huamini, sawa, usiamini! Lakini huamini halafu unataka nini kwenye mazungumzo ya wanaoamini? Asiyekula nyama anatafuta nini buchani?

Nikaanza kujibu, akakata.

Sikujua kumbe Annastella ana maneno makali hivyo. Na nimechelewa kujua, maana la bucha lingenipa taabu sana kwenye mechi.

Sasa nijiulize mwenyewe, kwa vile hapa hakuna anayesoma. Nafuata nini?

Mazoea? Mazoea yangekwisha. Nilizoea sigara nikaacha.

Ubishi? Kidogo ndiyo. Lakini Bukoba haina upungufu wa watu wa kubishana nao. Ningekwenda kubishana kahawa, au siasa, au Simba na Yanga.

Labda kwa sababu ni hapo tu mtu mzima anaruhusiwa kuuliza kwa sauti, tukifa inakuwaje? Mama yuko wapi? Nimefanya vizuri au vibaya? Ukiyauliza dukani watakuambia nenda hospitali. Maswali ninayo bado. Nilipoteza majibu tu, na hiyo haikunifanya nihame kijiji.

Hilo nalo ni jibu zuri mno, silipendi. Linanukia mahubiri.

Kesho nafunga duka. Nakwenda Kimwani.

Jumamosi, 26 Julai

Kimwani. Naandikia kitandani kwenye chumba cha wageni, bado kuna mwanga.

Mama Sandeep alinifuata stendi na mfuko. Maandazi yake yenye iliki, kipande cha kitenge kwa Annastella. "Ukienda kuomba radhi usiende mikono mitupu." Nikasema siendi kuomba radhi. Kasema basi kitenge utavaa mwenyewe. Nimekileta.

Muleba nilibadilisha gari, nikanunua sukari na mikate miwili. Bodaboda wa mwisho kauliza nakwenda kwa nani. Kwa katekista Wilbert. Kasema aa, mwalimu! Huyo alinibatizia mtoto kwa dharura, padri akiwa mbali, na mtoto akapona. Hakutaka nimlipe zaidi ya nusu. Nikabaki njiani nimesimama na mikate yangu, nikijiona tapeli.

Annastella kanipokea mfuko, hakunipokea mimi. "Yuko kibanjani."

Nikamkuta Wilbert anakata mgomba wenye mnyauko. Kavaa lile shati la zamani la kijani. Amekonda. Aliponiona akachoma panga kwenye ganda la mgomba, akanyoosha mikono kunionyesha imechafuka, halafu akanikumbatia hivyo hivyo. Gauni langu sasa lina utomvu. Hautatoka.

Tukakaa juu ya mgomba ulioanguka. Nikamwambia, kaka, nimekuja kuomba radhi. Annastella ana haki. Nimekuchimba miaka ishirini na moja, sasa umeanguka.

Akaniangalia kama mtoto aliyekosea jibu rahisi.

"Nani kakuambia ni wewe uliyenichimba?"

Mkeo.

"Annastella alikuwa anasikia upande mmoja wa simu." Akafuta panga kwa jani. "Jovi, hapa kila ninachosema watu wanasema ndiyo mwalimu. Nikisema kweli, ndiyo mwalimu. Nikikosea, ndiyo mwalimu. Miaka thelathini na moja. Mtu pekee aliyekuwa ananiambia hapana, thibitisha, ni wewe. Wiki nzima nilikuwa nikisoma nawaza, Jovi ataulizaje hapa? Nikilima, nawaza. Kwa ajili ya kukujibu nilikuwa naamini upya kila Jumapili. Halafu Juni ukanyamaza."

Nilikuwa na mitihani ya shule, nikasema. Fotokopi.

"Najua. Sikulaumu. Jumapili ya kwanza nilikuwa na majibu, sikuwa na wa kumpa. Ya pili sikuyatafuta. Ya nne ikapita, Jumanne yake nikafagia kanisa nikaona vile nilivyokuambia."

Mkewe ananilaumu kwa kusema, yeye ananieleza habari za kunyamaza. Kumbe nilikuwa na kazi kwenye kigango cha Kimwani na sikuwahi kuambiwa!

Nikamwuliza, basi nikirudi kukuuliza itarudi?

"Sijui. Jino likishang'oka, hata ukipiga mswaki namna gani..." Akacheka kidogo, mwenyewe. Ni mara ya kwanza nasikia kicheko chake tangu Mei.

Nikamuuliza kesho atafanyaje. Kasema kesho somo ni la yule anayegonga mlango kwa rafiki akiomba mikate, mwenye nyumba ameshalala. Ombeni mtapewa, bisheni mtafunguliwa. "Nitasimama mbele yao niwaambie mtafunguliwa, na mimi nimesimama nje."

Usiwaambie basi.

"Niwaambie nini?"

Tukakata migomba miwili zaidi, nikashika majani, yeye panga. Mnyauko ukishaingia unakata, unazika, unasubiri. Hakuna aliyelinganisha na chochote. Tulikuwa tumechoka.

Mezani Annastella kapakua ndizi na maharage. Wilbert akafumba macho kusali kama kawaida, akafumbua. "Chumvi iko wapi?" kasema.

Nikacheka, nikajuta. Annastella akatuangalia wote wawili kama watu wa kabila jingine. Akasali yeye. Kwa sauti, kwa Kihaya, mpaka mwisho, na majina yetu akayataja.

Kitenge kiko mezani. Hajakigusa, lakini hajakirudisha.

Jumapili, 27 Julai

Mchana. Nimekaa ukumbini kwa Wilbert, barazani kumejaa watu, jikoni kumejaa wanawake. Naandika haraka, maana hii haijaisha.

Kengele saa tatu, rimu ya lori wanaipiga kwa nondo. Nikaenda na Annastella, tukakaa benchi tofauti. Kanisa dogo, limefagiliwa vizuri. Watu kama mia hivi. Nilikaa nyuma kabisa karibu na mlango, mahali pa watu wa kutoka mapema.

Wilbert kaingia kavaa kanzu nyeupe. Nyimbo, masomo, kila kitu kwa mpangilio, nikaanza kupumua. Akasoma la mlango na mikate. Akafunga kitabu. Watu wakakaa. Watoto wakakohoa. Yeye akabaki amesimama.

"Leo sina mahubiri," kasema. "Nina swali, na sina jibu lake. Mimi nimegonga. Tangu mwezi wa sita sisikii mtu ndani. Nimeona si haki niendelee kuwaambia mtafunguliwa kana kwamba mimi nimekaa sebuleni. Nisameheni."

Nikasikia kuku nje. Mzee Mwijage, mwenyekiti wa kigango, akasimama, akakaa, akasimama tena. Annastella aliinamisha kichwa mpaka kitambaa kikagusa benchi. Mimi nilishika mlango. Nikawaza, sasa ndiyo magodoro kichwani.

Halafu mbele upande wa wanawake akasimama bibi mmoja, taratibu, kwa kushika bega la mwenzake. Adventina, nimejua jina baadaye. Mfupi, mkavu, shali ya njano.

"Waitu mwalimu," kasema kwa heshima ya Kihaya. "Mlango huo mimi nagonga tangu mume wangu apotee ziwani. Miaka arobaini na miwili. Hata kikohozi cha mtu ndani sijasikia. Nilikuwa naona haya kukuambia, maana wewe ulikuwa unaonekana unafunguliwa kila siku. Nilidhani ni mimi tu."

Mtu mmoja akacheka kwa mshtuko. Mwingine akasema na mimi. Kijana aliyevaa jezi akasema yeye alisikia mara moja tu, alipopona, na tangu hapo hajui kama alisikia au ilikuwa homa. Mama mmoja akasema wewe kaa, homa haisemi na mtu. Mzee Mwijage akapiga benchi kutaka utaratibu, halafu na yeye akaanza kueleza ya kwake! Ikawa kama sokoni. Wengine walikasirika. Mwanaume mmoja katoka na familia yake yote na kusema hii si ibada ni baraza, na sijui kama amekosea. Lakini waliobaki hakuna aliyesema ndiyo mwalimu. Hata mmoja. Walikuwa wanambishia! Wanamwuliza, wanamjibu, wanajibizana wenyewe, na Wilbert kashuka kutoka mbele, kakaa benchi la watoto na kanzu yake, anasikiliza kwa mdomo wazi.

Ndipo mama mmoja akageuka. "Na huyu dada wa mwalimu, wa Bukoba. Tumesikia huyu haamini kabisa. Wewe umekuja kufanya nini?"

Vichwa mia. Annastella naye kageuka, mara ya kwanza leo kuniangalia machoni.

Nilikuwa na majibu ya miaka ishirini na moja. Hakuna hata moja lililokuja. Nikasema tu, "Hata mimi nataka kujua kama kuna mtu ndani. Nadhani hakuna. Lakini ninyi ndio mliosimama mlangoni, sasa niende kusimama wapi?"

Nilidhani watanifukuza. Bibi Adventina kasema, "Basi sogea huku mbele mwanangu. Huko nyuma hutusikii."

Nikasogea. Nimekaa karibu naye. Ananuka moshi na sabuni ya mche. Alinishika mkono muda wote, nadhani ilikuwa ili asianguke.

Ibada ambayo huchukua saa moja na nusu imechukua masaa matatu. Mwishoni Annastella ndiye aliyeanzisha wimbo, maana Wilbert alisahau. Watu wakampokea.

Sasa tuko hapa. Mzee Mwijage alitoka kabla ya wimbo, kapanda pale penye mtandao, kampigia padri parokiani. Si kwa ubaya, kasema, ila jambo hili limenizidi kimo. Padri kasema anamaliza misa ya pili anakuja na pikipiki yake leo leo. Hakuna anayejua anakuja na nini. Nyumba ni ya kigango. Wilbert ana miaka sitini na mbili. Nje huko wamegawanyika. Nasikia wengine wanasema apumzishwe, wengine wanasema mkimtoa huyu tutamwambia nani?

Na yeye anakula! Sahani ya pili. Anakula maandazi ya Mama Sandeep juu ya ndizi, jambo ambalo si sahihi kwa dini yoyote. Kila baada ya muda mtu anaingia kumwambia jambo ambalo alisahau kulisema kanisani, naye anamjibu, anafoka, ananyoosha kidole. Nimemuuliza, imerudi? Kasema hapana. Kasema lakini leo nyumba haikuwa tupu, na hajui kama hayo ni mambo mawili au moja. Nimemwambia ni mawili. Kasema thibitisha.

Saa tisa hii! Sikuangalia saa mpaka sasa.

Pikipiki inasikika chini bondeni. Barazani wamenyamaza. Annastella kaingia, kanawa uso, kafuta kiti cha padri kwa ukingo wa kile kitenge cha Mama Sandeep. Akavuta viti viwili vya upande wa pili, si kimoja. Kaniangalia. "Wifi, na wewe ukae."

Wilbert kavaa viatu. "Kaa upande wangu, Jovi."

Nimemuuliza, upande upi?

Kafungua mdomo kunijibu, na pikipiki imezimwa, na hodi hiyo inapigwa, na sisi wote watatu tumesimama tunaangalia mlango, safari hii sisi tukiwa ndani.